Walisema Somo la Uuguzi Litatupeleka Vitani

Wazee wangu, shikamooni. Na nyinyi wenzangu, hamjambo. Mchungaji ameniomba nisimame kwa sababu juma lijalo watoto wa darasa la nne wataulizwa wachague kazi ya mikono watakayojifunza wakiingia la tano. Nawaona mnavyoniangalia. Kuna baba mmoja, sitamtaja, amesema pale nje kwamba nimetumwa na wakubwa. Sikutumwa. Wala sikasiriki, maana mimi nimelelewa na mtu wa kushuku, na shaka yake ilikaribia kunipoteza.

Ilikuwa wakati wa vita vya pili vya Wazungu. Tulikaa hapa hapa Changamwe, chumba cha kupanga, baba akipakua mizigo bandarini. Siku moja mwalimu wetu wa kike akatuambia wavulana watachagua useremala au kilimo, na wasichana ushonaji au upishi, kama siku zote. Kisha akaongeza somo jipya kwa wasichana: uuguzi. Kila alasiri tungekwenda dispensari ya misheni kujifunza kufunga vidonda, kuchemsha vyombo na kutunza watoto wachanga.

Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza kusema. Mama yangu alikuwa amezika watoto wawili, wote kwa kuharisha, na wote mimi ndiye niliyekuwa nikiwabeba mgongoni. Nilitaka kujua tulikosea wapi.

Nilipomwambia baba, aliacha kula.

"Uuguzi? Skuli ile ipo tangu zamani. Kwa nini uuguzi uje mwaka huu, na vita vimepamba moto?"

"Sijui, baba."

"Mimi najua."

Akanieleza. Vijana aliofanya nao kazi gatini waliambiwa watafunzwa udereva. Aliyewaandikisha akawaapia kwa jina la Mungu kwamba hawatavuka maji. Wakafunzwa kweli, magari wakaendesha, na baadaye baba akawaona kwa macho yake wakipandishwa meli na mabegi yao. Mmoja alimpungia mkono huku analia.

"Sasa askari wakiumia huko ng'ambo," baba akasema, "wanauguzwa na nani? Hebu fikiria, mwanangu."

Nikafikiria. Ndugu zangu, nawaambia, shaka ikishaingia sikioni, kila neno linalofuata hulisikia vingine. Kesho yake mwalimu akaniuliza umri wangu. Akaniuliza kama nikiona damu huzimia. Akauliza kama wazazi wangu wote wawili wako hai. Mbona anataka kujua? Kisha akaja fundi cherehani na utepe wake, akatupima mabega na kiuno, sisi wa uuguzi peke yetu. Shoga yangu niliyekaa naye dawati moja akaninong'oneza, "Zile ni sare," na siku ile ile akahamia ushonaji.

Baba alisikia habari ya utepe jioni ile. Asubuhi akanichukua, akanivusha mpaka Kisauni, na kutoka huko tukaenda kwa miguu hadi Utange kwa nyanya, mama yake. Akamwambia, "Huyu asionekane. Akija mgeni, hayupo."

Basi nikawa mtu asiyekuwepo. Nililima muhogo, nikachota maji, na kila nikisikia baiskeli njiani nilijitupa kichakani. Mwanzoni nilimshukuru baba kwa kuniokoa. Lakini miezi ikapita, wenzangu wako darasani, na hakuna askari aliyekuja kunitafuta. Nani anayemtafuta mtoto wa kuli mpaka Utange? Hapo nikaanza kumshuku baba mwenyewe.

Maana kwa mgeni mmoja sikufichwa. Alikuwa mwanamume wa makamo aliyefiwa na mke, rafiki wa baba, mwenye minazi yake. Alikuja na kitoweo, akaketi na nyanya, akaniangalia nilivyokuwa nikitwanga. Akaja tena. Nikamuuliza nyanya, "Huyu anataka nini?" Akanijibu, "Wewe twanga." Nikaelewa kuwa ni posa. Nikajiambia kumbe vita vilikuwa kisingizio tu. Mpaka leo sijui kama ni kweli. Baba alikana, na bado anakana.

Mama alipokuja kunitazama nikamwambia yote. Hakulia wala hakugomba. Aliniuliza, "Hiyo dispensari iko wazi kwa kila mtu?" Nikamjibu, "Ndiyo mama, hata wewe ukiumwa unaingia." Akafunga leso yake, akaondoka.

Sasa sikilizeni alichofanya mama yangu, mtu asiyejua kusoma. Alikwenda dispensari akaketi kwenye benchi la wagonjwa, akikohoa kikohozi cha uongo. Akapewa dawa. Kesho yake akarudi, akakohoa tena. Kila siku alikuwepo pale, macho yake yako kwa wasichana. Aliwaona wakiingia na aproni mpya nyeupe, zile tulizopimiwa. Aliwaona wakiosha chupa, wakiwaogesha watoto, wakitoka jioni kwenda makwao. Siku moja likaja lori la jeshi likasimama mlangoni. Mama akainuka, akashika mwavuli wa mtu aliyekuwa jirani yake, tayari kupigana. Wakateremka wanaume wawili wakashusha masanduku ya bendeji, wakaenda zao.

Akamwendea baba. "Nimekaa pale. Nimeona."

"Wamekuonyesha walichotaka ukione."

"Basi nenda ukaone wasichotaka."

Baba akaenda siku yake ya mapumziko, na mama nyuma yake. Akamkuta mwalimu uani. Hata salamu haikuwa nzuri.

"Mwalimu, niapie kwamba mwanangu hatapelekwa vitani."

Mwalimu akatikisa kichwa. "Siwezi kukuapia, mzee. Mimi si serikali. Sijui kesho watasema nini."

"Kumbe!"

"Ninachojua ni hiki. Mimi sikuambiwa niwapeleke popote, na nikiambiwa, wewe utakuwa wa kwanza kujua. Mlango huu haufungwi. Njoo ukae siku utakayo."

Mama ananiambia baba alimwangalia mwalimu muda mrefu. Kisha akasema, polepole, "Wale vijana wa gatini waliapiwa."

Ndugu zangu, hapo ndipo maisha yangu yalipogeuka. Mwalimu angeapa, baba angeniacha Utange, na huenda leo ningekuwa na minazi badala ya aproni hii ya uuguzi. Baba alimwamini mwalimu kwa sababu alikataa kuapa.

Nilirudi nikarudia darasa, mkubwa kuliko wenzangu, wakinicheka. Nikavumilia. Na baba hakuacha kushuku, msidhani. Siku za mapumziko alikuja akaketi kwenye benchi lile lile, mikono kifuani, akikagua kila gari lililosimama. Vita vikaisha, na sisi tuko hapa hapa.

Jioni moja nilirudi nyumbani nikamweleza mama tuliyofunzwa: kwamba maji ya kisima chetu yachemshwe kabla ya kumpa mtoto. Akaacha kukuna nazi.

"Kwa hiyo yalikuwa ni maji?"

"Huenda ni maji, mama."

Akaketi na kifuu mkononi mpaka moto ukaanza kuzimika. Mdogo wangu aliyezaliwa baada ya hapo hakunywa maji mabichi hata tone. Ni yule anayewasumbua pale dirishani.

Namshukuru mwalimu wangu, ambaye angeweza kutudanganya kwa wema na hakufanya hivyo. Namshukuru nyanya, aliyenilisha bila kuuliza. Namshukuru baba kwa hofu yake, maana ilikuwa hofu ya mtu anayependa. Na mama, usijifiche nyuma ya nguzo, nimekuona. Bila wewe nisingekuwa mtu.

Sisemi msishuku. Tumedanganywa sana, na tutadanganywa tena. Ninachowaomba ni kwamba msimfiche mtoto kichakani na shaka yenu mkaifungia chumbani. Itoeni nje, muende nayo kwa mwenye jambo, mumuulize ana kwa ana, halafu mketi mtazame. Na kabla ya hapo, mtoto mwenyewe muulizeni kwa nini alinyosha mkono. Mimi hakuna aliyeniuliza.

Yule baba aliyesema nimetumwa, karibu mbele. Sina haraka. Uliza.