Benchi ya Karibu na Mulango

Karibieni, batoto bangu, mukae chini, na we Narcisse uzime ile simu, maana mutu anayekufa hashindani na simu. Lwaboshi, funga mulango. Vumbi ya hii kambi ya bakimbizi, Dzaleka, nimeila miaka ya kutosha. Bora, binti yangu, usibaki pale jikoni kama mugeni, njoo ukae huku kichwani kwangu, na mutoto wako Gabriella umulaze hapa kwa miguu yangu nisikie joto yake. Mi Wilondja, seremala wa Fizi, nimebaki na pumzi kidogo, na hiyo kidogo sitaitumia kwa kumubembeleza mutu.

Jana mulifikiri nimelala. Narcisse, ulikuwa inje ya dirisha na mudogo wako Lwaboshi, unamwambia namna mazishi yangu itapangwa: korali itaimba, bazee ba kanisa batabeba sanduku, familia itakaa mbele, isipokuwa Bora, kwa sababu iko chini ya nidhamu ya kanisa, yeye atabaki kwa benchi yake ya nyuma. Ulisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama mutu anapanga viti vya mukutano. Kikulacho ki nguoni mwako, bazee balisema, na nguo yangu njo we, kifungua mimba wangu.

Sasa mulisikilize jambo lenyewe, ili kesho mutu asiseme muzee alikuwa anaweweseka. Mi si baba wa kubariki uzinzi. Niliwafundisha bote batatu kwamba kitanda kinangoja ndoa, na mama yenu marehemu nilimungojea mpaka siku ya harusi, kule kwetu, na kungoja hakukuniua. Bora alianguka. Nilimukasirikia, na hasira yangu aliimeza kama nsima bila mboga, mpaka ikaisha. Lakini mimba haiingii kwa dirisha pamoja na upepo. Ilikuwa ya Sylvain, mupiga gitaa wa korali, na kanisa muzima ilijua, kwani njo yeye alikuwa anamusindikiza kutoka mazoezi mpaka hapa mulangoni, ananisalimia Papa, Papa, na meno yote inje.

Komite ya kanisa ilikutana. Balimuita Bora peke yake, musichana ambaye hata miaka makumi mbili hakuwa ametimiza, bakamusimamisha mbele ya banaume batupu, bakamuuliza maswali ambayo mi babake naona haya kuyarudilia. Juu ya Sylvain balisema ni kijana, na ushahidi hakuna, tena samaki moja ikioza zote zinaoza, kwa hiyo samaki yenye kuonekana tumbo itolewe. Akatolewa korali, akanyimwa Meza ya Bwana, akaambiwa akae nyuma mpaka siku atasimama kutubu mbele ya batu. Na Bora alibajibu nini? Alisema: "Nitasimama siku Sylvain atasimama pembeni yangu." Basi mwaka wa tano huu, angali nyuma. Sylvain aliendelea kupiga gitaa. Mwaka jana akaoa musichana mwingine kule Kawale, mutaa wa Lilongwe, bibi harusi na robe nyeupe na shela mpaka chini, na kanisa hii hii ikajaza minibasi kwenda Lilongwe kumuimbia. Gabriella alikuwa amesimama kando ya barabara, anabapungia mukono, hajui kama anamupungia babake.

Mungu alipokataza, alimukataza mwanaume na mwanamuke. Komite yenu ikasoma nusu.

Na ndani ya komite alikuwa nani? Narcisse, una duka kule mujini, Area 47, una tai, una Kifaransa na Chichewa, banakuita muzee wa kanisa na mvi hata moja hauna. Ulinyosha mukono ukakubali. Siku tulikimbia Fizi, we njo ulimubeba huyu dada yako, ulikataa hata nikupokee, ukasema ni wangu huyu. Mugongo uliomubeba njo ule ule ulimugeuzia. Hiyo inaniuma kuliko hii kifua.

Ile benchi ya nyuma anakaa Bora, mi njo niliitengeneza. Benchi zote za ile kanisa zilitoka kwa mikono yangu, mbao za mukaratusi, lakini ya karibu na mulango niliikata miguu ikawa fupi, ili bamama benye kunyonyesha bakae miguu ifike chini, bapate hewa, na mutoto akilia batoke bila kuruka batu. Nilikuwa namufikiria mama yenu na kimo chake. Sikutengeneza gereza. Bakachukua kitu cha huruma bakakifanya kiti cha aibu, na we kila siku ya Mungu unapita pale na Biblia kwapani, unatazama paa.

Vyombo vyangu, randa, misumeno na ile patasi ya babu yenu, ni vya Lwaboshi. Na we Lwaboshi, najua kuna musichana kule Chinsapo. Umuposee kwao, tukutane mbinguni ukiwa na heshima, na ungoje. Usingoje kwa kuogopa komite, komite haimuoni mwanaume. Ungoje kwa kumuogopa Mungu, yeye anaona.

Nyumba hii ni ya Bora na mutoto wake. Narcisse, usikohoe. Najua unataka kuniambia kwetu binti harithi nyumba ya babake. Hiyo kwetu tuliiacha ng'ambo ya ziwa pamoja na mashamba, na mashamba sijasikia ukiyadai.

Siku ya mazishi, familia ikae pamoja. Komite ikimukataza Bora asikae mbele, musibishane, musishikane mashati. Mubebe sanduku yangu muipeleke nyuma, muiweke mbele ya ile benchi, na anayehubiri ageuke. Bakikataa na hiyo, munizike bila korali. Udongo hauulizi mutu kama iko chini ya nidhamu.

Lwaboshi, leta kichwa. Mungu akupe mikono isiyotetemeka, na nyumba isiyo na siri. Gabriella... mumuache, analala. Mungu akupe jina ambalo hakuna mutu atalinong'oneza. Bora, mama, karibu zaidi. Ulikosa, na ulibeba kosa ya batu babili bila kuitupa. Mungu akuinue. Mi nimekuinua.

Narcisse, we usilete kichwa. Baraka yako iko, sikuitupa, mi si baba wa laana... Nimemuachia Bora. Siku utatoka kule mbele na tai yako, kanisa muzima inaona, ukae pembeni yake, atakuwekea mukono kichwani, na huo mukono utakuwa wangu. Usipoenda, baraka itabaki pale pale inakungoja.

Maji. Bora, nipe maji... Hapana, si we, Narcisse. Bora.

Ile benchi ni fupi, Narcisse mwanangu. Itabidi ukunje magoti.