Historia ya Casmir Tauro, Kama Alivyotaka Isomwe

Baba Paroko, wafiwa wenzangu, majirani wa Bolkatte na ninyi mliosafiri kutoka mbali, mimi ni Apoline, dada wa marehemu, ambaye wengi wenu mliujua mdomo wangu kabla ya kuijua sura yangu, na nimesimama hapa kwa niaba ya familia kuwasomea maisha ya mdogo wangu, ambayo yalishasomwa mara moja katika kanisa hilihili, tarehe 13 Januari 1972, naye akiwa hai kabisa, tena yakasomwa vibaya.

Casmir alizaliwa hapa Bolkatte tarehe 4 Machi 1947, sikukuu ya Mtakatifu Casmir, ndiyo maana hakuna aliyehangaika kumtafutia jina, akiwa mtoto wa mwisho wa marehemu Lawrence na Piedade Tauro, na kwa kuwa kifungua mimba wa nyumba yetu, Hilari, alikuwa amezama mtoni mwaka uliotangulia, mama alimlea huyu kwa kamba fupi, akamwapisha mbele ya Bikira Maria kwamba maji hayatampita kifundo cha mguu, naye kiapo hicho akakishika kuliko amri zote kumi, ambazo nyingine, mimi dada yake nazijua, hakuzishika sana.

Alisoma shule ya parokia kuanzia Juni 1953 mpaka Aprili 1962, akifaulu hesabu na kufeli kuimba, kisha akakaa nyumbani akimsaidia baba kupakia vigae, mpaka tarehe 11 Januari 1965 alipojiunga na jeshi la majini, na mama alipopiga yowe kwamba kiapo kimevunjwa, Casmir akamjibu, "Mama, ulinikataza kuingia majini, hukunikataza kukaa juu yake."

Sasa hapa karatasi aliyoichapa Stany, mwana wa marehemu, inaendelea kusema kwamba baba yake alikuwa muogeleaji hodari aliyeogelea kwa saa saba katika bahari ya vita. Karatasi hiyo nimeikunja. Stany, mwanangu, usinikodolee macho, shangazi yako ana miaka themanini na mitatu, utamfanya nini? Haya ninayoyasoma nimeyaandika mwenyewe kwenye daftari, kama baba yako alivyonituma.

Casmir hakujua kuogelea. Naam, Bwana Crasta, shemeji wa marehemu, umesikia sawasawa, baharia aliyetumikia miaka kumi na mitano hakujua kuogelea hata kwenye beseni, na siku ya mtihani wa maji kule mafunzoni, Mei 1965, lilipoitwa jina la Tauro, aliyeruka ni kijana mmoja wa chumba cha mitambo, Usman Parkar wa Ratnagiri, ambaye alikuwa amesharuka mara moja kwa jina lake mwenyewe, akatoka, akajifuta uso, akarudi mstarini kwa upande wa pili, na mkufunzi, ambaye macho yake yalikuwa kwenye chai, akawapa wote wawili alama nzuri.

Vita na nchi jirani vilipofika, wawili hao walikuwa kwenye boti moja ya doria, na asubuhi ya tarehe 11 Desemba 1971 boti hiyo ilipigwa, ikaungua, ikazama kwa muda mfupi kuliko nilioutumia kufika ukurasa huu, na Casmir, mikono imeungua, akarukia yale maji aliyoapishwa, akaenda chini kama kigae, mpaka mkono ukamshika nywele ukamvuta juu, na Usman akamlaza chali, akakishika kichwa chake kisizame, kwa saa saba nzima, na kila Casmir aliposema, "Niache, nenda zako, una mke," Usman alimjibu, "Nyamaza wewe, mtihani wako niliufanya mimi, ukizama hapa ni mimi nimefeli." Wavuvi wakawaokoa jioni.

Sisi huku tulipata simu ya maandishi tarehe 14 Desemba kwamba hajulikani alipo na inadhaniwa amefariki, na barua aliyoiandika muuguzi kwa niaba yake, kwa sababu mikono yake haikushika kalamu, ilifika siku nane baada ya yeye mwenyewe kufika, hivyo tukasali Misa ya siku ya thelathini, mjomba akasoma historia ya nusu ukurasa, na kama desturi yetu ilivyo tukawalisha maskini kabla ya ndugu. Mimi ndiye niliyepakua. Akaja mmoja amenyolewa kipara, amekonda, shati si lake, nikamsukuma kwa mwiko, "Ingia mstarini wewe, chakula kipo," akakaa chini, nikamwekea wali na mchuzi mtupu nikapita, na nyuma yangu nikasikia, "Dada Appi, hata kwenye matanga yangu mwenyewe unaninyima nyama?"

Mwiko ulianguka, na laiti ningeanguka nao! Lakini mimi nilikimbilia barabarani, hata tonge hajameza, nikipiga kelele, "Casmir yu hai! Ameogelea! Ameogelea mpaka nchi kavu!" Hakuna aliyeniambia hivyo. Niliona tu inafaa. Jumapili Baba Paroko wa wakati ule akalitangaza altareni, na Mzee Jerom Crasta, aliyekuwa amekataa kabisa kumpa baharia binti yake, akisema hazai wajane, akabadili neno, "Huyu asiyezama, huyu nampa," na Casmir alipokuja kwangu anataka kwenda kusema kweli, nilimfinya mkono, nikamwambia, "Unataka mke au unataka ukweli?" Alitaka mke. Basi kosa ni langu, nalo limekaa miaka hamsini na miwili.

Alifunga ndoa na Severine Crasta tarehe 6 Mei 1972, na wifi yangu aliujua ukweli wiki ileile, walipovuka mto kwa mashua na bwana harusi akamng'ang'ania mkono, si kwa mapenzi, akatunza siri kama mwanamke mwenye adabu, Mungu akawajalia Stany mwaka 1973 na Lavina mwaka 1975. Aliacha jeshi Januari 1980, akawa msimamizi wa tanuri la vigae mpaka 2007, akisema moto anaelewana nao, na vijana walipoanzisha shindano la kuogelea la sikukuu ya Septemba na kuliita kwa jina lake, alipuliza filimbi kila mwaka akiwa amesimama mbali na ukingo, nanyi mkasema, tazama unyenyekevu.

Moyo wake ulianza kuugua Machi mwaka huu, na tarehe 29 Agosti 2024 aliniita kitandani, akaniambia, "Dada, uliusema uongo kwa sauti kubwa, ukweli nao usiuseme kwa kunong'ona. Na Usman anishike upande wa kichwa." Alifariki Jumanne tarehe 3 Septemba, saa nne na robo asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Severine.

Tunawashukuru Daktari Shenoy na wauguzi wake, majirani mliopika, wenzake wa tanurini na wastaafu wa jeshi mliokuja na bendera, na Baba Paroko, ambaye nitamwomba radhi baadaye, kwa kuwa bango la shindano la Jumapili nimeshamwambia mchoraji aandike Kombe la Usman Parkar, na rangi imeshakauka.

Maana yupo, jamani! Yale maembe yaliyokuja kila Mei ndani ya sanduku la majani makavu, mliyoyala miaka yote mkidhani Casmir ana rafiki mchuuzi, yalitoka kwake. Ni yule mzee wa kofia nyeupe, benchi la tatu, aliyeshuka kwenye treni jana, na kwa kuwa msimu umeisha amekuja mikono mitupu, ambayo ndiyo hasa tunayoihitaji. Simama, kaka Usman, wakuone. Stany, mwanangu, umekwisha kulia? Basi mpishe baba yako mkubwa, yeye anashika jeneza upande wa kichwa, hata kama ni kwa kuweka kiganja tu.

Casmir, sasa pumzika kwa amani. Umeshikwa.