Kichwa cha Jakaranda cha Musyoka Kimeu

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Musyoka Kimeu, mchonga vinyago wa Shauri Moyo, mkazi wa Tassia. Alituaga Jumanne iliyopita, akiwa na miaka sitini na mmoja. Musyoka Kimeu. Jina hilo nalitaja kifua mbele.

Mzee huyu alikoroma, jamani! Hata mchana. Alisinzia na patasi mkononi, wenzake karakanani wakacheka: "Musyoka amewasha msumeno!" Walidhani ni uchovu. Mkewe, Mama Nthoki, naye alidhani hivyo. "Nilijivunia ule mkoromo," ameniambia. "Nikasema, huyu amefanya kazi. Kumbe pumzi ilikuwa inakatika."

Miaka miwili iliyopita alipatikana na saratani ya utumbo. Ndipo daktari akagundua pia kwamba pumzi yake hukatika usingizini. Akampa mashine ya kusukuma hewa, yenye barakoa ya kufunga puani. Akamweleza wazi: watafiti wanataka kujua kama kutibu usingizi huu kunamsaidia mgonjwa wa saratani. Jibu bado halijulikani. Wanahitaji watu wa kuvaa barakoa kila usiku, mwaka mzima. Ataweza?

"Daktari," Musyoka akasema, "mimi nikianza kinyago sikiachi bila macho."

Wengi katika utafiti huo waliacha. Barakoa ilibana, ikavuja, ikawatia haya mbele ya wake zao. Ya Musyoka pia ilivuja. Basi akachukua gogo la jakaranda, akachonga kichwa chake mwenyewe, pua na mashavu kwa vipimo. Mchana alikivisha barakoa, akavuta mikanda hii na ile mpaka ikakaa sawa. Dawa za saratani zilipomkondesha, alikichonga mashavu nacho kikakonda. Hilo lilinitoa machozi, sifichi.

Kisha akakibeba kliniki. Huko alimkuta Abukar, mfanyabiashara wa mbuzi Kiamaiko, aliyekuwa ameitupa barakoa yake chini ya kitanda. "Nilimwambia, mzee wangu, hii ni ya rubani," Abukar anakumbuka. "Akanijibu, keti hapa, nione hiyo pua."

Musyoka aliumaliza mwaka. Alikosa usiku mmoja tu, stima zilipopotea Tassia. Kwenye kadi yake ya kuweka alama kila usiku aliandika: "Stima. Si mimi."

Je, mashine ilimwongezea siku? Sijui. Daktari naye hasemi. Saratani ilirudi. Lakini Mama Nthoki anasema, "Mwaka ule aliamka akiwa mtu. Alichonga. Alinichekesha."

Mama Nthoki, binti yenu Wavinya, na wachongaji wote wa Shauri Moyo, poleni sana. Mzee atazikwa kwao Wamunyu, Jumamosi hii. Jumamosi, Wamunyu. Nanyi wasikilizaji, kama unalala kando ya mtu anayekabwa na pumzi, usimcheke. Mpeleke akapimwe.

Kile kichwa sasa kiko kliniki, juu ya meza ya muuguzi. Jana nilipita hapo. Mgonjwa mgeni alikuwa anaitazama barakoa kwa hofu, na Abukar, aliyeanza upya mwaka wake wa barakoa na kubakisha miezi minne, alikuwa anamvutia kiti.

"Keti hapa," akamwambia. "Nione hiyo pua."