Siku Kikombe cha Bati Kilipofika Ukumbini

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliopigiliwa juu ya madebe mawili, mbele ya kibanda cha mchonga funguo, ubavuni mwa geti la soko. Ukikaa kwa pupa, mwenzako wa upande wa pili anarushwa juu. Asubuhi hapo hakosekani Redio, fundi simu, ambaye habari humfikia kabla haijatokea. Katibu, ambaye ni katibu kweli, wa kamati ya soko, na hajawahi kupitisha siku bila kuwakumbusha wenzake hilo. Na Methali, mpagazi mstaafu mwenye methali kwa kila jambo isipokuwa jambo linalozungumzwa. Wa nne ni mwenye kibanda. Jina lake halisi mtaa umelisahau. Anaitwa Mjomba, kwa kuwa ndivyo alivyoitwa na mpwa wake Kadogo, ambaye alimlea mwenyewe tangu dada yake afariki. Benchi hili lina sheria moja tu. Kuna kikombe kikubwa cha bati, kimebanduka rangi ukingoni: anayekishika ndiye msemaji, na ni marufuku kumkatiza mpaka kahawa iishe. Sheria hiyo ilitungwa siku Redio na Katibu walipokabana mashati kwa sababu ya mpira, na imeheshimiwa kuliko katiba nyingi.

Asubuhi hiyo kahawa ilikuwa inakwenda kasi, maana Kadogo, yule yule aliyekuwa akifanyia kazi za shule chini ya meza ya funguo, sasa ndiye mkuu wa haki za binadamu kwenye Umoja wa nchi zote za ukanda huu. Leo anaongoza kikao cha malalamiko kwa mara ya kwanza, na kinaonyeshwa moja kwa moja. Redio alikuwa ameegemeza simu kwenye kopo la grisi ili kila mtu aone.

— Ile kazi msiione hivi hivi, alianza Redio, kikombe mkononi. Mkuu wa haki anakabidhiwa funguo za magereza yote, nchi zote. Anaingia saa anayotaka, anafunua sufuria, anaonja maharage.

Mjomba akasimamisha tupa juu ya ufunguo aliokuwa akiuchonga.

— Magereza yote? Huo mzigo wa funguo anaubeba nani?

— Kikombe hakijaisha! walimkemea wote kwa pamoja, naye akanywea.

Redio akamaliza kwa madaha, akapindua kikombe. Muuza kahawa, aliyesimama kando na birika lake, akakijaza, zamu ikaenda kwa Katibu.

— Funguo ni mambo ya watoto, alisema Katibu, akiupapasa ufunguo wa choo cha soko unaoning'inia mkandani mwake. Yule ana uwezo wa kumnyang'anya rais pasi ya kusafiria. Anampigia tu: "Bwana, wewe umewaonea watu, wiki hii hutoki." Na rais anabaki nyumbani anamwagilia maua. Mimi kama kiongozi mwenzake namwelewa sana.

Methali alikipokea kikombe kwa mikono miwili.

— Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Maana yake ni kwamba Kadogo atapewa ndege.

— Hiyo ndiyo maana yake? aliuliza Redio.

— Kikombe hakijaisha! Ndege inayotua juu ya paa la gereza. Na hataishia kwa watu, nawaambia. Ng'ombe akinyimwa maji, waziri wa mifugo anaitwa kujieleza.

— Ni haki za binadamu, mzee, si za ng'ombe! alipinga Katibu.

— Na ng'ombe ni wa nani? Si wa binadamu?

Katibu akachungulia kikombe aone kama kahawa inakaribia kwisha.

Mjomba alicheka nao, lakini cheko lake halikufika mbali. Jana Kadogo alimpigia simu. Alimwambia kuna mama mmoja amevuka nchi mbili kuja kikaoni; mwanawe alichukuliwa nyumbani na askari, na mwaka wa pili sasa hajui kama ni mzima au yuko kaburini. Balozi wa nchi hiyo, nchi yenye kifua kuliko zote kwenye Umoja, alikuwa ameshapitisha ujumbe: yule mama asipewe nafasi, la sivyo kiti cha Kadogo kitapata mtu mwingine. "Niombee nisitetemeke, Mjomba," alimwambia, kisha akakata simu haraka. Mjomba alikuwa ameomba tangu hapo. Funguo mbili alizochonga asubuhi hiyo zote zilikataa kuingia kwenye kufuli.

— Wanaanza! alipiga kelele Redio.

Muuza kahawa akainamisha birika mpaka likalia. Tone la mwisho likaingia kwenye kikombe cha bati, kikajaa pomoni, akampa Mjomba.

— Imeisha hiyo, sina tena. Sema neno, Mjomba, mtoto ni wako.

Mjomba alikishika kikombe kwa mikono yote miwili. Akakaza macho kwenye simu.

Kwenye kioo cha simu alionekana Kadogo, koti jeusi, uso ule ule wa marehemu mama yake. Akamwita yule mama. Mama akasogea kwenye kipaza sauti, leso mkononi, akaanza kueleza walivyovunja mlango. Hata sentensi ya tatu hakuifikisha. Balozi alikuwa ameshasimama.

— Mheshimiwa mwenyekiti, mambo haya yaletwe kwa maandishi. Huyu mama akae.

Mama wa watu akaanza kurudi nyuma. Kadogo aliangalia meza yake kidogo, na Mjomba akayaona yale mabega yakipanda kama yalivyopanda siku mtoto huyo aliposingiziwa, akiwa na miaka saba, kwamba ndiye aliyevunja kioo cha duka. Siku ile alisimama mbele ya benchi hili hili, akapewa kikombe hiki hiki, akajitetea mpaka tone la mwisho, akashinda.

Kadogo akainua uso.

— Mheshimiwa balozi, kaa. Kikombe hakijaisha.

Wakalimani wakababaika. Mabalozi wakageuziana shingo: kikombe kipi? Lakini kijiweni pale palilipuka! Methali aliruka upande wake, Katibu akabwagwa na ubao mpaka chini, Redio akapiga yowe lililowatoa watu madukani. Mjomba peke yake hakujongea, asije akamwaga kahawa.

Balozi alikaa. Mama akasema yote, mpaka rangi ya shati ambalo mwanawe alikuwa amevaa. Alipomaliza, Kadogo akamgeukia balozi.

— Sasa zamu ni yako, mheshimiwa. Swali ni moja. Yuko wapi?

Balozi akazunguka, akataja taratibu, akataja usalama. Kadogo akarudia. Akazunguka tena. Akarudia. Mabalozi wengine nao wakaanza kumkodolea macho, mwishowe akanong'onezwa sikioni na msaidizi wake, akasema kwa taabu: kijana yuko hai, na mama yake atapelekwa kumwona wiki hii.

Mama alikaa chini pale pale alipokuwa, kwenye zulia. Kadogo akashuka jukwaani, akakaa naye.

Mjomba alilia waziwazi, machozi yakidondoka ndani ya kahawa. Furaha ilikuwa imemzidi kifua.

— Mbio za sakafuni huishia ukingoni! alitangaza Methali.

Hata hiyo walimpigia makofi.

— Samahanini, kaka zangu.

Alikuwa mama mmoja wa usafi wa soko. Alikuwa ameletwa na yowe la Redio, akaona kila kitu akiwa amesimama nyuma yao na ufagio wake.

— Nauliza tu. Sisi ndio tunaosafisha choo cha soko. Tukimaliza, mnatufungia nje. Tukibanwa sisi, twende wapi?

Redio alimtazama Methali. Methali alitafuta methali, akaikosa. Wote wakamtazama Katibu, mkandani.

— Hilo suala, dada yangu, lina utaratibu wake, maana kamati ilipoketi...

Mjomba akasimama. Kahawa ilikuwa imepoa lakini ilikuwa bado imejaa. Akampa yule mama kikombe cha bati, akampangusia nafasi kwenye ubao.

— Lakini kamati...

— KIKOMBE HAKIJAISHA!

Sauti hiyo ya wenzake ilikwenda mpaka kwenye mabanda ya samaki. Mama akakaa, akanywa funda moja, akaanza kueleza, na alikuwa na mengi. Mjomba hakungoja mwisho. Alimnyooshea Katibu kiganja.

— Mko wangapi, dada yangu?

— Tuko watano.

Katibu alihangaika na mkanda, akauchomoa ufunguo. Mjomba akaubana kwenye mashine yake ya kuchonga funguo, ikaanza kulia.