Utangulizi wa Kumjibu Mhakiki

Kosa langu lilikuwa kusoma gazeti kwa ufasaha mno. Tulikuwa kijiweni petu asubuhi ya Jumamosi, kwenye benchi refu lililo mbele ya kibanda cha fundi redio, nami nimekunjua ukurasa wa barua za wasomaji. Nilikuwa nawasomea wenzangu barua ya "Msomaji Mwaminifu", aliyekitetea kitabu changu kama wakili wa kukodiwa. Nilipofika katikati, Bi Birika, muuza kahawa wetu, akanyoosha mkono kunijazia kikombe, kahawa ikamwagika juu ya barua na aya nzima ikageuka tope. Mimi nikaendelea. Niliisoma ile aya mpaka nukta ya mwisho, na mkono nikautupa hewani pale pasemapo "mwandishi huyu ni hazina ambayo bado hatujaichimba." Kuinua macho, fundi amelaza shingo upande, analitazama gazeti kama anavyotazama redio iliyoungua.

BISIBISI: Mzee, hapo pamelowa.

MIMI: Wapi?

BISIBISI: Hapo unaposoma. Hakuna maandishi hapo, kuna kahawa.

MIMI: Niliisoma nyumbani kabla sijaja.

BISIBISI: Ukaihifadhi yote? Hata na mahali pa kurusha mkono?

BI BIRIKA: Mwacheni baba wa watu. Mtu akijisifu mwenyewe anawapunguzia wengine kazi.

Basi, siri ikawa nje, na mimi sina pa kuuweka uso. Huyo Bisibisi ndiye fundi mwenyewe. Hakuna skrubu ambayo hajaifungua, ingawa zipo kadhaa ambazo hajazirudisha. Wa tatu benchini ni Hakimu, aliyebeba mafaili mahakamani miaka arobaini bila kuruhusiwa kumhukumu hata mbu, na tangu astaafu hajapumzika kutoa hukumu. Mimi wananiita Kilomita. Nimeendesha malori miaka ishirini na sita, nikalala kwenye foleni za mipaka ya nchi saba, na katika foleni hizo, kwa miaka kumi na moja, nimeandika kitabu kimoja. Kimoja tu. Kinamhusu dereva.

Majuma mawili nyuma, mhakiki wa gazeti lile lile, mama mmoja ambaye sijawahi kumwona, alikiandikia nusu ukurasa. Yote ningeyameza. Iliyonikwama ni sentensi ya mwisho: "Habari za lori zimeandikwa na mtu, habari za nyumbani zimeandikwa na lori."

HAKIMU: Kesi hii mbona iko wazi. Mtu hakutukani bure. Huyo mama ana kitabu chake kwenye droo, kilikataliwa. Wahenga walisema, mkono mtupu haulambwi.

BISIBISI: Sasa mkono umeingiaje hapo?

HAKIMU: Umeingia kwa sababu hana kitu mkononi, kwa hiyo analamba cha mwenzake.

MIMI: Jamani, mimi mwenyewe nimeshaandaa jibu.

Nikatoa mfukoni karatasi tatu. Tangu ile siku ya gazeti nilikuwa nalala saa mbili tu, naamka, naongeza sentensi moja. Mchapishaji alikuwa amenipigia simu jana yake: kitabu kinachapwa mara ya pili, je, kuna la kubadilisha au kiende kama kilivyo? Jibu analitaka leo, kabla ya saa sita. Nami nilikuwa nimeamua kisiguswe hata herufi, ila kiongezwe utangulizi. Huo utangulizi ndio zile karatasi tatu.

MIMI: Sikilizeni. "Wapo watu wasiojua hata gia ya kurudi nyuma, lakini wanataka kuwaelekeza madereva njia."

BISIBISI: Hapo umempiga!

HAKIMU: Umempiga, lakini hujamfunga. Ongeza "kwa mujibu wa ushahidi uliopo."

BI BIRIKA: Lakini si amesema lori umeliandika vizuri? Hapo pa nyumbani mbona hujamjibu?

MIMI: Nitafika huko, Bi Birika. Safari ndefu.

BISIBISI: Mama, wewe hujui. Hawa wahakiki hawasomi. Nilimtengenezea mmoja redio, nikaona kwa macho yangu. Wanavipima vitabu kwenye mizani. Kikiwa chepesi, wanaandika "kinasomeka kwa urahisi." Kikiwa kizito, wanaandika "kinachosha."

HAKIMU: Changu je, alichonipa Kilomita? Kingeandikwa nini?

BISIBISI: Changu nimekipima. Gramu mia tatu na kumi. Hapo ndipo penye hatari, hakiangukii upande wowote.

HAKIMU: Hapana, hapana. Mambo ya mizani ni ya zamani. Siku hizi wana zamu. Kila mwezi lazima mwandishi mmoja achinjwe, ili wale wengine wakae kwa adabu. Majina yanatiwa kwenye kofia. Kilomita, ilikuwa zamu yako tu, wala usimchukie mtu.

MIMI: Afadhali ingekuwa zamu.

BISIBISI: Kofia wapi! Nawaambia wana chama. Chumba kizima, pazia limefungwa. Kabla hawajaruhusiwa kugusa kitabu wanafanyia mazoezi kwenye kadi za mwaliko wa harusi. "Bwana harusi hana kina. Bibi harusi anatabirika. Ukumbi umeelezwa vizuri, ila mwisho unajulikana."

Hapo nilicheka mpaka kahawa ikanipalia, na ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu gazeti lile litoke. Hakimu akanipigapiga mgongoni kwa huruma ya kimahakama.

HAKIMU: Nisikilize, ndugu yangu. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Wewe umetukanwa. Kwa hesabu hiyo, maji yako sasa yatageuka tembo.

BISIBISI: Na kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji.

MIMI: Chura ndiye mhakiki?

BISIBISI: Ndiye.

MIMI: Na ng'ombe?

BISIBISI: Mzee, usiichambue sana.

Katikati ya maneno hayo akaja mama mmoja ambaye hakuna aliyemjua, pasi ya umeme imeviringwa waya wake kwapani. Alitoa salamu, akampa Bisibisi pasi, akaambiwa asubiri kidogo, ni waya tu. Akakaa ncha ya benchi. Kati yake na mimi palikuwa na nakala ya kitabu changu, niliyoileta ili nipange mahali pa kubandika ule utangulizi. Akauliza kwa macho kama anaweza kukitazama, nami kwa kichwa nikamruhusu, kisha nikajifanya nimesahau kwamba yupo. Aliye na kitabu mkononi mwa mgeni anajua kujifanya huko kunavyochosha shingo.

Alisoma kurasa za mwanzo. Akaruka, akasoma katikati. Pasi ilikuwa imefunguliwa, imefungwa, imefunguliwa tena kwa sababu skrubu moja ilibaki nje. Saa ya Hakimu ilikuwa saa sita kasoro robo.

MGENI: Samahani, kaka. Huyu mke wa dereva anaitwa nani?

MIMI: Nani?

MGENI: Mkewe. Nimefungua mwanzoni, nimemkuta mlangoni. Nimefungua hapa katikati, yupo. Anaitwa nani?

HAKIMU: Itakuwa ukurasa wa kumi. Mimi nimekisoma chote, na hati za namna hii wahusika hutajwa mwanzo.

MGENI: Wa kumi nimeupita. Pana jina la lori. Linaitwa Subira.

BISIBISI: Subira, ndiyo! Lori namfahamu sana. Hata breki zake nazifahamu.

MIMI: Yeye ni... mke wa Dereva.

BI BIRIKA: Hilo si jina, hiyo ni anwani.

Nikakichukua kitabu. Mtu hapotei ndani ya nyumba aliyoijenga mwenyewe, nikajiambia. Ukurasa wa nne: mke wake akafungua mlango. Wa sitini: mke wake akaleta maji ya kuoga. Wa mia na thelathini na moja: mke wake akanyamaza. Nilifika mia mbili na kumi na mbili, ukurasa wa mwisho, mke wake akafunga mlango. Miaka kumi na moja nimekaa naye, nimemfungulisha milango na kumfungisha. Matairi ya lori niliyaandika hadi namba zake.

MGENI: Pale ukurasa wa themanini na nane anazika mtoto.

MIMI: Ndiyo.

MGENI: Watu waliokuja kumpa pole walimwitaje?

Bisibisi akaacha kukaza skrubu.

BI BIRIKA: Mama nani? Na mtoto naye alikuwa nani?

Nikasema sijui. Sikuwa najificha wala kutania. Nilikuwa kweli sijui. Nilijaribu kuiona ile sebule ya msiba niliyoiandika kwa mistari minne, nikamwona dereva amesimama dirishani anasikiliza injini. Wanawake wamekaa kwenye mkeka, na midomo yao inacheza bila sauti.

Simu ikaita. Mchapishaji.

— Tuchape kama kilivyo?

— Naomba wiki tatu, mama.

— Kuna kosa la chapa?

— Hapana. Kuna mtu nimemsahau ndani.

— Wiki mbili, akasema, akakata.

HAKIMU: Na utangulizi? Mimi nimeshakupa "kwa mujibu wa ushahidi uliopo"!

MIMI: Ushahidi umenigeukia, mheshimiwa.

Nikazikunja zile karatasi tatu, nikazikunja tena, mpaka zikawa kitu kidogo kigumu kisichofunguka kwa urahisi. Kifua kiliuma bado, nisiwadanganye. Sentensi ya yule mama wa gazeti haikuwa imepungua hata neno. Ila sasa ilikuwa inauma mahali pake, kama jino ambalo daktari ameshalionyesha kwa kidole.

Bisibisi akaijaribu pasi kwa kidole chenye mate, ikafanya tss. Mgeni akaipokea, akaviringa waya, akasimama. Nami mwandishi, kwa kuwa wiki mbili si nyingi na mimi mvivu wa kuzaliwa, nikaona njia ya mkato.

MIMI: Dada, samahani. Wewe jina lako nani?

MGENI: La nini?

MIMI: Nimpe yeye.

MGENI: Langu ninalitumia. Mtafutie lake.