Nakeno Lokiru, Aliyetenganisha Mathenge na Malisho

Wapendwa mliokuja kutufariji, familia inawasomea safari ya Nakeno Lokiru, aliyezaliwa Lowarengak tarehe 9 Aprili 1986, kitinda mimba wa Mzee Lokiru, aliyeketi hapa mbele, na marehemu Mama Apajok.

Alisoma shule ya msingi hukohuko Lowarengak, akaingia sekondari Lodwar mwaka 2001, kisha chuo kikuu Nairobi, alikohitimu mwaka 2009 katika somo la ramani za setilaiti, somo ambalo mzee aliwaeleza majirani kuwa ni kuchunga mbuzi ukiwa angani.

Mwaka 2014 aliajiriwa Lodwar na mradi wa bima ya mifugo uliogharamiwa na wafadhili wa mazingira kutoka ng'ambo, ambapo setilaiti hupima ukijani wa malisho, na yakikauka mfugaji hutumiwa fidia kwenye simu kabla mifugo haijafa. Mzee Lokiru alikuwa wa kwanza kujiandikisha, kwa kuwa bima ilikuwa ya binti yake.

Kiangazi cha 2017 nyasi ziliisha, lakini kando ya laga, mto wa msimu uliokauka, ilibaki kijani miti ya mathenge, ile ya miiba ambayo maganda yake huozesha meno ya mbuzi, kompyuta za ng'ambo zikaihesabu kuwa malisho, Nakeno akaidhinisha ramani bila kwenda kutazama, na fidia haikutoka. Mbuzi wa mzee walikufa. Barazani mzee alisema kompyuta hiyo iletwe Lowarengak itafune mathenge, tuone itabaki na meno mangapi, watu wakacheka, Nakeno hakucheka, na tangu siku hiyo mzee akifika Lodwar alimsalimu bintiye mlangoni, ejok, lakini hakuingia nyumbani kwake Nawoitorong kunywa chai. Jambo hilo lilimuuma Nakeno sana.

Alijifunga kibwebwe, akashikilia kwamba hesabu za malisho ya Turkana zifanywe na Wakenya walio Turkana, akafundisha vijana wa Lodwar na Kakuma, akiwemo Malual, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, kutembea na wafugaji, kupiga picha za ardhi kwa simu, na kuifunza kompyuta kutofautisha mathenge na nyasi. Ukame uliporudi mwaka 2022, mathenge haikuhesabiwa tena, fidia ilifika mapema, mzee akanunua nyasi kavu na dawa, mbuzi wakapona, naye akaja Nawoitorong, akaingia bila hodi, akaitisha chai.

Nakeno alifunga ndoa na Mwalimu Ekaale Lokwang kanisani Kakuma tarehe 15 Desemba 2012, wakajaliwa watoto wawili, Adome na Apajok.

Februari 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya matiti, akatibiwa Lodwar na Eldoret, na hata kitandani aliulizia ramani za malisho, hadi alipofariki Lodwar tarehe 3 Juni 2025.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Nawoitorong, wafanyakazi wenzake, na Malual na wenzake waliosafiri kutoka Kakuma. Mzee Lokiru leo ameomba kwamba mtu yeyote asiondoke kabla ya kuingia nyumbani kwa bintiye kunywa chai.

Nakeno, sasa pumzika kwa amani.