Mama Cheche na Gari Lisilo na Moshi

Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, saa moja na robo asubuhi, Mama Cheche alifariki dunia katika wodi ya wanawake, mumewe akiwa amelazwa ghorofa ya juu ya hospitali hiyohiyo.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, kitindamimba wa mlinzi wa stesheni ya reli na mshona nguo, akasoma shule ya msingi kuanzia 1964 hadi 1970, kisha akaingia chuo cha ufundi, ambako darasa la umeme wa magari lilikuwa la wavulana watupu na yeye, na ndiko alikopewa jina la Cheche, baada ya kugusanisha waya siku ya kwanza na kuunguza nyusi za mwalimu, jina ambalo hakulikataa, kwani alisema lisemwalo lipo.

Januari 1977 aliajiriwa gereji akiwa fundi umeme, akafanya kazi hapo hadi alipostaafu Desemba 2017. Gereji ile ilikuwa na sheria moja, kwamba aliyefunga nati haikagui, bali huikagua mwenzake na kuitia nukta ya rangi, na aliyekagua kazi za Cheche alikuwa mpaka rangi mmoja mpole, ambaye alichukua muda mrefu mno kwenye nati zake, hadi mafundi wakamuuliza kama anatafuta nati au mke. Walifunga ndoa tarehe 6 Septemba 1980, wakaondoka kwa gari dogo la michezo ambalo mteja alikuwa amelitelekeza na wao wakalifufua. Walijaliwa watoto watatu, na kwa kuwa gari lilikuwa la viti viwili, watoto walipelekwa matembezini kwa zamu, na ugomvi wa zamu hizo haujaisha hadi leo.

Rangi aliyoivuta kazini iliharibu mapafu ya mumewe, na kuanzia 2019 kila injini ya gari hilo ilipowashwa uani alikohoa hadi midomo ikabadilika rangi, basi likafunikwa turubai. Februari 2022 marehemu alilifunua, akang'oa injini, akaanza kulifungia mota ya umeme kutoka foklifti chakavu, mashine ya kuinulia mizigo, na betri za gari lililopata ajali, kwa nia moja tu, kumpeleka Baba Watoto wake matembezini kabla pumzi haijamwishia. Jirani seremala alimuuliza kama anaunda gari au friji, akajibiwa kwamba likishindwa kutembea litampoozea yeye maji. Mumewe alikaa kitini pembeni, kopo la rangi nyekundu miguuni, akikagua nati moja baada ya nyingine, na asiporidhika alimwambia Cheche kuwa uzee umebisha hodi, naye akamjibu kuwa umepita mlangoni kwake ukienda kwenye macho ya mkaguzi.

Mwezi Aprili mwaka huu vikombe vilianza kumponyoka mkono wa kushoto, na binti yake mkubwa alipouliza, aliambiwa ni sabuni. Tarehe 6 Mei mumewe alilazwa, marehemu akaendelea na kazi peke yake, ili akirudi alikute gari tayari. Jumapili tarehe 12 alikutwa sakafuni kando ya gari, spana mkononi, na madaktari walisema ni kiharusi, na kwamba huenda dalili zilianza majuma kadhaa kabla. Kesho yake mumewe alishushwa kwa kiti cha magurudumu, akaushika mkono ule wa kushoto, nao haukumshika.

Mumewe aliporuhusiwa kurudi nyumbani juzi, alikataa kuingia ndani kabla hajakagua kazi ya mkewe. Sanduku la betri lilikuwa limefungwa, nyaya zimepangwa kama kawaida yake, lakini nati tatu, zile zisizofikika ila kwa mkono wa kushoto, zilizunguka kwa vidole. Maisha yao yote hakuwahi kukuta nati ya Cheche imelegea. Alimwambia binti yake kwamba mama yake alijua mkono umekufa ganzi, akaficha ili amalize gari. Kisha akazikaza mwenyewe, akivuta pumzi kila baada ya moja, na kwa kuwa aliyefunga hakagui, akampa binti kopo la rangi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi zote mbili, mafundi wa gereji waliokuja na kuketi nasi, na jirani seremala, aliyeacha kazi zake akatengeneza jeneza, na hakutaka ashukuriwe.

Jana saa nne asubuhi binti mkubwa wa marehemu aliendesha gari hilo, baba akiwa kiti cha pembeni, wakafika kona ya barabara na kurudi, na baba hakukohoa. Pumzika, mama.